Kwa nini pawabenki yangu ilipita uwanja wa ndege wa Luano ikazuiliwa mbele ya safari?

SWALI: Mimi ni mnunuzi wa vifaa wa karakana moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na kila baada ya miezi miwili hivi husafiri kwenda Dubai au Guangzhou. Safari iliyopita nilibeba pawabenki, ile betri ya kubebeka ya kuchajia simu, iliyoandikwa 30,000 mAh. Pale Luano haikuulizwa, lakini kwenye uwanja wa kubadilishia ndege ilichukuliwa ikatupwa kwenye pipa, na mwenzangu mwenye ya 26,800 mAh akapita bila neno. Je, kuna kipimo kinachofuatwa, au ni matakwa ya afisa aliye zamu? Tena fundi wetu ananiagiza betri za drili za volti 18. Naweza kuzibeba, na nikishaweza, nizibebe kwenye begi lipi?

JIBU: Pole kwa hasara hiyo, Mama. Kipimo kipo, kimsingi ni kimoja kwa ndege zote za abiria, na unaweza kukihesabu mwenyewe nyumbani kabla hujafunga begi. Nimefanya kazi kwenye meza ya kupokea mizigo kwa miaka kadhaa, na kila wiki nimewaona wafanyabiashara wakipoteza vitu vya dola 30 au 40 kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha hesabu yenyewe. Nitaanza nayo.

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, ile ya mAh (miliampea-saa), siyo inayoamua. Usalama wa anga huangalia nishati yote iliyomo ndani ya betri, nayo hupimwa kwa wati-saa, alama yake Wh. Ili kuipata, chukua mAh, zidisha kwa volti za seli, yaani betri ndogo zilizo ndani yake, kisha gawanya kwa 1,000. Seli za lithiamu za pawabenki kwa kawaida zina volti 3.7. Kwa hiyo ya kwako ya 30,000 mAh ilikuwa na 111 Wh, na ya mwenzako ya 26,800 mAh ilikuwa na 99 Wh na nukta kidogo. Mpaka ni 100 Wh. Chini ya hapo abiria hubeba bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 Wh lazima shirika la ndege likubali kwanza, tena kwa betri za akiba zisizozidi mbili. Na juu ya 160 Wh haipandi ndege ya abiria kwa mlango wowote. Afisa aliyekuzuia alikuwa na haki, kwa kuwa hukuwa na kibali. Kwamba Luano ilipita haikukupa kinga yoyote huko mbele, maana kila uwanja unaoshukia unaweza kukagua upya kwa macho yake, na abiria wa kuunganisha ndege anapaswa kutimiza masharti ya vituo vyote, pamoja na kile kilicho kikali kuliko vingine.

Kuna kosa moja kwenye hesabu hii ambalo hata watu makini hulifanya. Kwenye lebo utaona pia maandishi ya 5V, ambayo ni volti zinazotoka kwenda kwenye simu. Ukizidisha 20,000 mAh kwa 5 utapata 100 Wh na utaogopa bure, wakati jibu sahihi ni 20,000 kwa 3.7, yaani 74 Wh. Ndiyo maana pia lebo nyingi huwa na mAh mbili: moja kubwa ya seli zenyewe, na nyingine ndogo, labda 12,000 kwa pawabenki ya 20,000, ambayo ni kile kinachoifikia simu baada ya volti kupandishwa na nishati nyingine kupotea kama joto. Pawabenki iliyotengenezwa vizuri huandikwa Wh moja kwa moja, kwa herufi ndogo sana, mara nyingi upande wa chini. Itafute namba hiyo dukani kabla ya kulipa. Ikiwa imefutika kwa kusuguana na funguo za mkoba, ujue kwamba afisa hana wajibu wa kukuamini kwa mdomo. Betri isiyo na maandishi huchukuliwa kama betri isiyojulikana, na viwanja vingi huizuia hapo hapo.

Tena jihadhari na namba za uongo, kwa kuwa katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara kila mtu anatafuta pawabenki kubwa, na wauzaji wanalijua hilo. Siku moja kijana alinifikia mezani na pawabenki iliyoandikwa 50,000 mAh, aliyoinunua kwa bei ndogo sana sokoni. Niliiweka kwenye mizani ya mizigo, ikaonyesha kilo 0.2. Seli ya kawaida ya duara inayotumika humo, hata iliyo bora, haipiti sana 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 au zaidi, kwa hiyo 50,000 mAh ingehitaji seli kama 15, ambazo peke yake zingezidi gramu 650 kabla ya kuhesabu ganda. Kwa vyovyote ndani yake hamkuwa na hata theluthi ya kilichoandikwa. Hata hivyo ilizuiliwa, kwa sababu afisa husoma lebo, na lebo ilikuwa inasema 185 Wh. Alidanganywa mara mbili: alilipia nishati isiyokuwepo, kisha akanyang'anywa kwa ajili ya nishati hiyo hiyo.

Sasa swali la begi. Betri yoyote ya akiba, yaani isiyokaa ndani ya kifaa chake, hukaa na wewe katika chumba cha abiria, na pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya akiba siku zote. Sababu yake naomba uielewe vizuri, kwa maana mtu akiielewa hatajaribu kuificha kwenye sanduku. Seli ya lithiamu iliyopata shoti au kugandamizwa hupanda joto, joto hilo huvunja kemikali za ndani na kuzalisha joto zaidi, kisha seli ya jirani nayo hushika. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye sehemu ya mizigo huweza kuzima miali, lakini haiwezi kusimamisha mlolongo huo unaoendelea ndani ya seli. Kwenye viti, wahudumu huona moshi mapema na kumwagia maji mpaka betri ipoe. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Busan, Korea Kusini, kabla haijaruka. Watu wote 176 waliokuwemo walitoka hai, na wachunguzi walisema huenda moto ulianzia kwenye pawabenki iliyokuwa katika kabati la juu ya viti. Ingekuwa angani, sipendi kufikiria.

Baada ya hapo masharti yalikazwa, na njia zako wewe zimeguswa moja kwa moja. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inamruhusu abiria pawabenki moja tu isiyozidi 100 Wh, yenye maandishi yanayosomeka. Haruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege, na haiwekwi kwenye kabati la juu, bali mfukoni mwa kiti cha mbele au chini yake. China, tangu tarehe 28 Juni 2025, inazuia katika ndege zake za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C ya viwango vya nchi hiyo. Ukifika Guangzhou ukaamua kuruka hadi mji mwingine kumwona mwenye kiwanda, pawabenki uliyotoka nayo Lubumbashi inaweza kukwama hapo ingawa ina 74 Wh tu. Anayefanya safari za namna hiyo mara kwa mara, ushauri wangu ni anunue moja yenye alama hiyo kule kule na kuifanya ndiyo yake ya kudumu.

Uwe macho hasa unapofika kwenye mlango wa kupandia ndege. Ndege ikiwa ndogo au imejaa, mtumishi atakuomba begi lako la mkononi ili lishushwe chini pamoja na mizigo. Abiria wengi hulikabidhi haraka wasikose nafasi, wakasahau kwamba pawabenki imo. Mimi huwaambia wasafiri wangu waweke pawabenki na betri zote katika mfuko mmoja mdogo juu kabisa ya begi, ili waweze kuuchomoa kwa mkono mmoja huku kadi ya safari iko kwenye mkono wa pili. Masanduku yenye betri ya kuchajia simu iliyojengwa ndani yake nayo ni hivyo hivyo: betri itolewe, na isiyotoka usiinunue.

Betri za drili unaweza kubeba, kwa hesabu ile ile. Hizi kwa kawaida huandikwa Ah (ampea-saa, yaani mAh 1,000), kwa hiyo huna haja ya kugawanya kwa 1,000: volti 18 mara 5 Ah ni 90 Wh, inapita, volti 18 mara 6 Ah ni 108 Wh, inahitaji kibali, volti 18 mara 9 Ah ni 162 Wh, hairuhusiwi kabisa, na hiyo ndiyo fundi wako ataipenda kwa kuwa inadumu siku nzima kazini. Funika meno ya shaba kwa utepe wa plastiki, au acha kifuniko cha kiwandani, kisha kila betri iingie katika mfuko wake ili zisigusane wala kugusana na sarafu na misumari. Drili yenyewe iende kwenye sanduku la kupimwa, maana wakaguzi hawaruhusu zana za namna hiyo chumbani, lakini betri yake ichomoe ubaki nayo. Kibali cha 100 hadi 160 Wh kiombe kwa shirika la ndege kwa barua pepe siku chache kabla ya safari, ukitaja aina ya betri, idadi na Wh, na jibu lao ulichapishe. Ukikisubiri hadi asubuhi ya safari, mara nyingi mtu wa mezani hana mamlaka ya kukupa.

Lakini haya yote ni kwa matumizi yako mwenyewe. Masharti ya kimataifa yanaweka kikomo cha betri 20 za akiba kwa abiria, na anayebeba hata 10 mpya ndani ya maboksi yao anaweza kuchukuliwa kuwa mfanyabiashara aliyebeba bidhaa. Fundi akiagiza 10, usizigawe kati yako na wenzako wa safari. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kupakiwa katika ndege za abiria. Huenda kwa ndege za mizigo zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, au kwa meli. Mwombe muuzaji wa Dubai hati ya majaribio ya UN 38.3 (vipimo vya usalama vya Umoja wa Mataifa kwa betri za lithiamu) kabla hujamlipa, halafu mkabidhi wakala wa forodha hati hiyo pamoja na ankara. Muuzaji asiyekuwa nayo, mwache, hata kama bei yake ni nusu.