Okidi ya chini ya ardhi na majina yake mawili
Ndugu, umeuliza kwa nini okidi moja ya Australia huandikwa Cryptanthemis slateri na pengine Rhizanthella slateri. Jenasi Rhizanthella (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ilielezwa na mtaalamu wa okidi R. S. Rogers mwaka 1928, baada ya Jack Trott kuona ufa katika udongo wa bustani yake huko Corrigin, Australia Magharibi, akafukua na kukuta ua lenye harufu tamu, lisilo na jani hata moja la kijani. Mwaka 1932 mtaalamu mwingine wa okidi, Rupp, akaiita hiyo unayoiulizia, ya jimbo la New South Wales mashariki mwa Australia, Cryptanthemis, jina zuri kweli, maana kwa Kigiriki linadokeza ua lililofichika. Wataalamu wa mimea Clements na Cribb walipoziunganisha jenasi hizo mbili mwaka 1984, jina lililotangulia kuchapishwa, yaani Rhizanthella, ndilo lililoshika, nalo neno slateri, linalotaja spishi, likahamia humo.