Kuelimisha watu kuhusu nyuki: anzeni na ua la boga

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha vijana hapo Usa River kianzie wapi kuelimisha watu kuhusu nyuki, maana kwenye mkutano wenu wa kwanza walikuja wachache na wote wakaishia kuuliza bei ya asali. Mimi niko Kibosho, mwaka wa tisa huu nafuga nyuki, na nilianza vilevile. Niliwahubiria watu asali. Wakaelewa kwamba nyuki ni mradi wa mwenye mizinga, asiye na mzinga hawamhusu.

Halafu huku kwetu kihamba chenyewe, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kinaficha kazi ya nyuki. Mgomba unazaa bila nyuki, mahindi yanachavushwa na upepo, magimbi tunapanda machipukizi. Mtu anakula mwaka mzima, nyuki anakutana naye siku ya kuumwa tu. Jirani yangu mmoja aliliona kundi limening'inia kwenye mringaringa, usiku akalichoma kwa mafuta ya taa. Asubuhi chini ya mti palikuwa peusi kwa nyuki waliokufa, wengine bado wanatambaa na mabawa yameungua. Iliniuma sana. Lakini nilipozungumza naye nikagundua hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno jingine lolote juu ya nyuki zaidi ya "wanauma".

Kilichofungua watu macho ni boga, na jaribio lenyewe nililifanya na watoto wa shule ya msingi. Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Ua jike lina kaboga kadogo chini yake, kama gololi. Ili kaboga kakue, chavua, yaani unga wa ua dume, lazima ifike kwenye ua jike. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauibebi, nyuki ndio wanaoibeba. Maua yanafunguka alfajiri na kufikia mchana yamekwisha kufunga, kwa hiyo kazi yote ni ya asubuhi ile moja.

Jioni tulitafuta maua jike yatakayofunguka kesho yake. Manne tukayafunika kwa vipande vya chandarua kuukuu na kuyafunga kwa uzi, manne tukayaacha wazi na kuyawekea alama. Mawili tukayafunika pia, ila asubuhi watoto wakayafungua, wakayapaka chavua ya ua dume kwa mkono, wakayafunika tena. Siku chache baadaye vile viboga vinne vilivyofunikwa bila kupakwa chavua vilikuwa vya njano, vimelainika, vikaanguka. Vilivyopakwa kwa mkono vilishika. Kati ya yale yaliyoachwa wazi, matatu yalikua vizuri na moja likatoka limepinda, upande mmoja umedumaa. Hilo nalo ni somo: nyuki wakitembelea ua mara chache, chavua haitoshi na tunda halijai.

Mabinti wawili wakalibeba lile lililopinda pamoja na zima hadi kanisani siku ya mnada wa mazao baada ya ibada, wakaeleza wenyewe kwa dakika tano. Mama mmoja ambaye huuza msusa (majani ya maboga) na maboga soko la Mbuyuni akasema miaka yote alidhani kiboga kikianguka ni ugonjwa, akawa anapulizia dawa. Tena asubuhi, ua likiwa wazi!

Hapo ndipo mpeleke mazungumzo ya dawa, mkuu, msiyaanze kwenye mkutano. Mtu aliyeona kiboga kimeanguka hahitaji kulazimishwa. Mwambieni asipulizie mmea ulio kwenye maua. Ikibidi kabisa, asome kibandiko na apulizie jioni nyuki wakisharudi.

Wenye parachichi waelezeni kwamba ua lao hufunguka mara mbili: kwanza kama jike, linafunga, kisha siku ya pili linafunguka kama dume. Aina ya Hass huwa jike asubuhi, aina ya Fuerte huwa jike mchana, ndiyo maana zikichanganywa na nyuki wakiwepo uzazi unakuwa mzuri. Kwenye kahawa msizidishe chumvi, arabika inajichavusha. Hata hivyo watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba ya Kilimanjaro walichapisha mwaka 2014 kwamba wachavushaji wakifika, uzito wa tunda unaongezeka kwa kama asilimia 7. Mkulima anayeuza kwa kilo hilo analielewa.

Tafadhali msizungumzie nyuki wa mzinga peke yao. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki na nyingi hazitengenezi asali ya kurina. Wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao tunawafukuza, kumbe ndio wachavushaji wakubwa wa pasheni. Nyanya inataka nyuki wa kulitikisa ua mpaka chavua imwagike, na nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Wengi wa nyuki hawa wasio wa mzinga wanaishi peke yao ardhini au kwenye gogo kavu, kwa hiyo kipande cha shamba kisicholimwa na magugu yake yenye maua kina faida.

Na usalama: watoto msiwapeleke mizingani. Kwenye ua nyuki ana shughuli zake, mzingani analinda nyumba. Kundi likitua mtini, watu wakae mbali, wasilirushie mawe, aitwe mfugaji.

Siku ya Nyuki Duniani ni tarehe 20 Mei. Mkitaka maboga yawe na la kuonyesha siku hiyo, hesabuni miezi mitatu hadi minne nyuma ndipo mpande, na muwe na maji ya kumwagilia kabla masika hayajaanza. Chandarua chochote kilichochanika kinatosha, ila fungeni jioni, kwa sababu saa moja asubuhi nyuki wameshapita.