Maswali ya wasomaji: Jedwali la galoni, dawa ya lita

SWALI: Lebo ya dawa inataka lita 200 kwa hekta. Trekta langu linakwenda kilomita 6 kwa saa, na nozeli (vichwa vya kunyunyizia dawa) zimeachana sentimita 50. Jedwali la nozeli limeandikwa kwa galoni kwa dakika. Nichague ipi?

JIBU: Anza na lita, galoni zisubiri. Zidisha lita kwa hekta, kasi, na nafasi kati ya nozeli kwa mita, kisha gawa kwa 600: 200 × 6 × 0.5 ÷ 600 = lita 1 kwa dakika, kila nozeli. Andika 0.5, si 50. Hapo ndipo wengi hujikwaa, na jibu hutoka mara mia.

Sasa gawa kwa 3.785, upate galoni 0.26. Hiyo ni galoni ya Marekani. Ya Uingereza ni lita 4.546, kwa hiyo hakikisha jedwali linatumia ipi.

Nozeli namba 025, ya rangi ya zambarau, hutoa takriban lita 1 kwa presha ya baa 3. Kuilazimisha nozeli ndogo kwa kuongeza presha hakulipi: mtiririko mara mbili hudai presha mara nne, na matone huwa ukungu unaopeperushwa na upepo.

Kabla ya kutia dawa, kinga maji ya kila nozeli kwa sekunde 30 kwenye jagi lenye vipimo. Utarajie mililita 500. Inayotoa zaidi ya 550 imelika, ibadilishe. Inayotoa kidogo huenda imeziba: isafishe kwa brashi laini, kamwe si waya, maana waya hupanua tundu.