Mdundo wa kumsaidia mzee mwenye Parkinson kutembea

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama muziki utamsaidia baba yako anayeburuza miguu kwa sababu ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Ndiyo, ila kinachosaidia hasa ni mdundo: ubongo hushika mapigo ya nje pale mwendo wake wa ndani unapolegea.

Kwanza hesabu hatua zake kwa dakika moja. Zikiwa 90, tafuta wimbo wa mapigo 90, ngoma isikike wazi. Akizoea, panda hadi 95, usizidi 99. Wengi huharibu hapa: wimbo ukikimbia, hatua hufupika, mzee anajikwaa.

Atembee vipindi vya dakika 10, dawa ikiwa imeshika, nawe uwe ubavuni. Miguu yake ikigoma ghafla kusogea, usimvute, asimame, asikilize mapigo manne, ndipo ainue mguu.