Ukienda KwaZulu-Natal, Anza na Isandlwana Ndipo Uwafuate Vifaru

Mara ya kwanza nilipofika Isandlwana, uwanja wa vita wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako Wazulu waliwashinda Waingereza mwaka 1879, nilipewa dakika 40. Tulikuwa abiria 22 katika basi lililoondoka Durban kabla ya mapambazuko, na kampuni iliyotupeleka, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetuahidi viwanja vitatu vya vita pamoja na mbuga ya wanyama kwa siku mbili. Tulishuka saa sita mchana jua likiwa utosini, tukapiga picha mbele ya mnara wa kumbukumbu, na kabla kijana aliyetuongoza hajamaliza kueleza jeshi la Wazulu lilitokea upande gani, dereva alikuwa amekwisha kupiga honi. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Mombasa kwa miaka 27, na siku ile niliondoka pale na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Miaka mitatu baadaye nilirudi na mke wangu, safari hii tukiwa watu sita katika gari moja, kwa siku saba. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na tofauti ya safari hizo mbili.

Jamaa zangu waliniuliza kwa nini mtu wa Mombasa agharimie safari ya ndege kwenda kutazama simba Afrika Kusini, ilhali Tsavo iko mwendo wa saa chache tu kutoka nyumbani. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba usiende kwa ajili ya simba. Nenda kwa ajili ya ardhi iliyopiganiwa, kisha wanyama wawe mapumziko yako baada ya hapo. Katika pembe ya kaskazini ya KwaZulu-Natal, kuzunguka miji ya Dundee, Ladysmith na Ulundi, kuna viwanja vya vita vya Wazulu na Makaburu vya mwaka 1838, vya Wazulu na Waingereza vya mwaka 1879, na vya Waingereza na Makaburu vilivyoanza mwaka 1899. Viko karibu karibu kiasi kwamba kishawishi cha kuvimaliza vyote kwa mkupuo ni kikubwa, na hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika.

Jambo la kwanza la kuangalia katika ratiba unayouziwa ni mpangilio wake. Ratiba nzuri niliyoipata ilianzia Dundee, ikaenda Isandlwana na Rorke's Drift, ikafika Ulundi ambako jeshi la Wazulu lilishindwa tarehe 4 Julai 1879, kisha ikaingia mbuga ya Hluhluwe-iMfolozi kwa lango la Cengeni lililo upande wa magharibi. Mtu akipita njia hiyo anaifuata vita ile kwa mfuatano wake, na mwisho wake anajikuta katika nchi ambayo zamani ilikuwa uwanja wa kuwindia wa wafalme wa Kizulu. Ratiba inayokupeleka mbugani kwanza, ikakurudisha vitani, kisha ikakukimbiza pwani, imepangwa kwa kufuata nafasi za hoteli.

Isandlwana idai siku nzima, au angalau tangu asubuhi hadi alasiri. Kilima chenyewe ni jabali lililosimama peke yake juu ya uwanda mpana, na kwenye mteremko wake kuna marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, kila moja likiwa ni kaburi la askari waliozikwa pamoja pale walipoangukia. Ukiyaangalia kwa haraka utaona mawe tu. Mwongozaji wetu, mzee wa Kizulu aliyetuambia kwamba babu wa babu yake alikuwa katika kikosi cha uKhandempemvu, alituketisha mahali pa juu, akatutaka tuyahesabu marundo yale kwa macho na kutazama yanakosongamana na yanakotawanyika. Polepole tuliona wenyewe jinsi mstari wa Waingereza ulivyokuwa mrefu na mwembamba, ulivyovunjika, na njia waliyoikimbilia walionusurika kuelekea mto Mzinyathi. Ndipo alipoanza kusimulia: jinsi Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, alivyoondoka alfajiri ya tarehe 22 Januari 1879 na karibu nusu ya jeshi lake kuwatafuta Wazulu upande ambao hawakuwapo, akiacha watu wapatao 1,700 katika kambi isiyochimbiwa handaki wala kuzungushiwa magari ya ng'ombe, na jinsi wapiganaji wapatao 20,000 chini ya Ntshingwayo kaMahole walivyokuwa wamejilaza kimya katika bonde la Ngwebeni hadi doria ya wapanda farasi ilipowafumania.

Mzee yule aliueleza mtindo wa Wazulu wa kushambulia, wa pembe za nyati, kwa kututumia sisi sita. Wawili tulikuwa kifua kinachomkabili adui uso kwa uso, mke wangu na mgeni mmoja wakawa pembe mbili zinazozunguka pembeni, na waliosalia wakawa kiuno, yaani akiba inayosubiri nyuma. Tulicheka kidogo, kisha hatukucheka tena, kwa sababu pembe moja ilipotokea nyuma ya jabali tulielewa kwa nini kambi haikuwa na pa kukimbilia. Upande wa Waingereza walikufa zaidi ya watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa Waafrika wa Natal waliopigana chini ya bendera ile. Wazulu waliokufa hawakupungua 1,000. Alasiri hiyohiyo jua lilipatwa kwa sehemu, na mzee alitunyamazisha kwa muda pale alipofikia habari hiyo. Kazi ya namna hii haiwezekani kwa watu 22.

Kuna jambo lililonigusa mimi hasa, na nadhani litamgusa kila msomaji wa pwani yetu. Aliyeisukuma vita ile ni Sir Bartle Frere, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wa Mfalme Cetshwayo kaMpande wa Wazulu walisomewa masharti yake, likiwamo la kuvunja mfumo mzima wa vikosi vyao, jambo ambalo hakuna mfalme angelikubali na kubaki mfalme. Huyu ndiye Frere yuleyule aliyekuja Zanzibar mwanzoni mwa 1873 kumshinikiza Sayyid Barghash kupiga marufuku biashara ya watumwa, na ndiye ambaye jina lake lilipewa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa Mombasa katika miaka ya 1870. Nimepita Kengeleni, pale Freretown, maelfu ya mara nikielekea kazini, na katika vitabu vyetu vya shule mtu huyu alikuwa mkombozi. Nilipomwambia mzee wetu kwamba kwetu kuna mtaa wenye jina hilo, aliniangalia kwa muda, akasema, “Baba, basi huko alikuja kwenu akiwa amevaa kanzu nyingine.”

Ndiyo maana nashauri umuulize mwandaaji wa safari, kabla ya kulipa, ni nani hasa atakayesimulia. Afrika Kusini mwongozaji wa watalii anatakiwa awe amesajiliwa na kuwa na kitambulisho chake, kwa hiyo uliza bila haya. Usiridhike na jibu la kwamba wana waongozaji wazoefu. Uliza kama simulizi ya upande wa Wazulu itatolewa, na kama mwongozaji wa viwanja vya vita ndiye huyohuyo atakayekupeleka mbugani, kwa maana hizo ni elimu mbili, na ni wachache wanaozimudu zote. Kundi la watu sita hadi wanane linatosha. Likizidi hapo, watu wa nyuma hawasikii kitu, kwani upepo wa uwanda ule huyachukua maneno.

Rorke's Drift iko ng'ambo ya mto, na wengi huijia kwa hamu kuliko Isandlwana kwa kuwa ndiyo iliyotangazwa zaidi. Askari wa Uingereza wapatao 150 walijilinda huko usiku kucha baada ya vita vya Isandlwana, nyuma ya magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000 walioongozwa na Dabulamanzi kaMpande, aliyeuvuka mto kinyume cha agizo la kaka yake mfalme. Nishani 11 za Victoria Cross, za juu kabisa za ushujaa kwa Waingereza, zilitolewa kwa usiku ule mmoja. Pape muda kidogo tu hapo, ila usikubali siku ianzie Rorke's Drift, kwa sababu ukianza na ushujaa wa waliojilinda utasahau ni nani aliyevamia nchi ya mwenziwe.

Ukipata siku ya ziada, chagua kimoja kati ya viwili. Ncome, ambako Makaburu waliwashinda Wazulu tarehe 16 Desemba 1838, kuna kumbukumbu mbili zinazotazamana kuvuka mto: upande mmoja duara la magari 64 ya ng'ombe yaliyoundwa kwa shaba, na upande wa pili makumbusho yanayosimulia kwa sauti ya Wazulu. Spioenkop, kwa upande wake, itawavuta mashabiki wa kandanda, kwa kuwa jukwaa la Kop la uwanja wa Anfield wa Liverpool liliitwa hivyo mwaka 1906 kwa ajili ya waliouawa juu ya kilima hicho mwezi Januari 1900. Katika mapigano hayo ya Waingereza na Makaburu, Gandhi alikuwa miongoni mwa wabeba majeruhi, na Louis Botha, waziri mkuu wa kwanza wa Afrika Kusini baadaye, aliwaongoza Makaburu.

Mbugani, baada ya siku nne za makaburi, tulipumua. Hluhluwe-iMfolozi ilitengwa mwaka 1895, na humo ndimo kifaru mweupe wa kusini alimonusurika wakati kwingineko alikuwa ameangamizwa. Wale unaowaona Nakuru ni wa ukoo huohuo, kwani Kenya iliwapata kutoka Afrika Kusini. Usishtuke ukiwaona hawana pembe; wengi wamekatwa makusudi tangu 2024 ili wawindaji haramu wasiwe na sababu ya kuwaua. Kama afya inaruhusu, lipia matembezi ya miguu na askari wa wanyamapori, jambo ambalo katika mbuga zetu nyingi hulipati kwa urahisi. Na mwombe mwongozaji akutajie wanyama kwa Kizulu. Inyathi, inyoka, indlovu: mke wangu aliyakisia yote, na tangu hapo wageni wenzetu wakawa wanamuuliza yeye.

Kuhusu msimu, mimi nimekwenda Januari na nimekwenda Julai. Januari ina kumbukumbu za mwaka za vita na umati wake, lakini joto ni kali, ngurumo huanza alasiri, na nyasi zimerefuka hata mawe ya Isandlwana hayaonekani vizuri. Julai ni kiangazi cha baridi: wanyama hukusanyika penye maji, na uwanda uko wazi. Hata hivyo magari ya mbugani huko hayana madirisha kama matatu zetu za safari, na mtu wa Mombasa hajui baridi ya saa kumi na mbili asubuhi ndani ya gari lililo wazi. Chukua sweta mbili na kofia ya sufu. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kwa ziara ya hadi siku 90 kwa mwaka, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa, na iwe ndani ya mkoba wa mkononi. Abiria mmoja aliyekuwa mbele yetu Nairobi alikuwa ameiweka kwenye sanduku lililokwisha kwenda.