Maswali ya Wasomaji: Rolls-Royce ya 1933 Inauzwa Nakuru

SWALI: Mhariri, mzee mmoja hapa mjini anauza Rolls-Royce 20/25 ya mwaka 1933, gari la wazi lenye milango minne na paa la turubai la kukunja. Anasema limekarabatiwa kikamilifu na kwamba lilitoka kiwandani likiwa hivyo hivyo. Rangi inang'aa, ngozi ya viti ni mpya, na injini huwaka bila kelele. Bei anayotaja ingeninunulia ploti Lanet na chenji ikabaki. Fundi wangu amezoea Toyota na hajui aanzie wapi kulikagua. Nitajuaje kama gari hili lina thamani hiyo?
Msomaji, Milimani, Nakuru

JIBU: Kama hujatoa arubuni, usitoe kwanza. Rangi na ngozi ndizo sehemu rahisi zaidi za ukarabati, na ndizo zinazomfumba macho mnunuzi.

Mfano huu ulitengenezwa Derby, Uingereza, kuanzia 1929 hadi 1936, na katika miaka hiyo Rolls-Royce haikuuza gari zima. Iliuza chesi, yaani fremu ya chini ya gari, yenye injini, gia, magurudumu na rejeta, kisha ikapelekwa kwa waundaji wa bodi kama vile Hooper, Barker, Park Ward au Thrupp & Maberly, ambao waliunda bodi kulingana na matakwa ya mteja. Kwa hiyo kauli kwamba gari lilitoka kiwandani likiwa hivyo haiwezi kuwa kweli, hata kama mzee anaisema kwa nia njema. Zilitengenezwa chesi 3,827, na nyingi zilipewa bodi nzito zenye paa la kudumu, kwani wanunuzi wengi walikuwa watu wa kukaa nyuma na kuendeshwa. Miaka ilivyopita bodi hizo zilioza, na kwa kuwa gari la wazi huvutia bei kubwa kuliko lenye paa, wakarabati wengi waliing'oa bodi ya zamani na kuunda nyingine ya wazi juu ya chesi ile ile. Hilo si kosa, na baadhi ya bodi hizo zimeundwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Lakini gari la namna hiyo halistahili kulipiwa bei ya lile lililoundwa wazi tangu mwanzo.

Swali lako hasa, basi, ni bodi hii ni ya nani na iliwekwa lini. Jibu huanzia kwenye nambari ya chesi, iliyo kwenye kibati kilichofungwa katika ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ipige picha, uilinganishe na ile iliyo kwenye logbuku, kisha uombe rekodi za gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili uhakikishe kwamba mzee ndiye mmiliki na kwamba hakuna benki inayolidai. Baada ya hapo waandikie Rolls-Royce Enthusiasts' Club, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1957, ambacho hutunza kumbukumbu za chesi hizo. Zinaonyesha mnunuzi wa kwanza, mwundaji wa bodi na aina ya bodi iliyoagizwa. Zikisema gari lilikuwa limuzini, yaani lenye paa la kudumu, umepata hoja nzito ya kujadiliana bei. (Ukikutana na nambari inayoishia na 13, shuku mara moja: Rolls-Royce iliiruka nambari hiyo.) Chukua pia utepe upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Chesi ya 1933 inapaswa kukupa takribani sentimita 335. Ikipungua sana, kuna aliyeikata.

Chini ya bati la bodi za aina hii kuna fremu ya mbao, na mbao ndizo zinazokula pesa. Fungua mlango wa nyuma nusu, ushike kwa chini, uunyanyue polepole. Mlango ukipanda peke yake, bawaba zimelegea, na hilo ni jambo dogo. Nguzo ikisogea pamoja nao, au ukisikia mlio mkavu kama wa mkeka unaokunjwa, mbao za chini zimeoza na rangi imefunika aibu.

Usiridhike na injini inayonguruma taratibu uani. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94, si 100. Rejeta ya mwaka 1933 haina mfuniko wa kuongeza shinikizo kama ya gari lako la sasa. Mwombe mzee mpande pamoja barabara ya Mau Summit, utazame kipimo cha joto mkiwa mlimani na uone kama vibao vya mbele ya rejeta vinafunguka maji yanapopata moto. Gari likichemka njiani, ukarabati haukuwa kamili. Kuhusu breki, sevo yake (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) huendeshwa na gia, hivyo husaidia tu gari linapokwenda. Likiwa limesimama, pedali itakuwa ngumu na fundi wako atadhani ni hitilafu, wakati sivyo.

SWALI: Nimeambiwa magari ya kale huharibika kwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi (madini ya lead). Je, ni kweli? Na mtu akinunua gari kama hilo, anaweza kulikodisha kwa maharusi ili arudishe pesa zake?
Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Kwa injini za kabla ya Vita vya Pili, hofu hiyo imetiwa chumvi. Injini ya 20/25, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 3,669, hukandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na injini za leo, na iliundwa kwa petroli duni kuliko tunayouziwa Kisumu. Mwenye gari ashughulike zaidi na mipira ya zamani ya kupitishia mafuta, ambayo huvimba na kuvuja, na aibadilishe yote kabla ya safari ya kwanza.

Kukodisha kunawezekana, lakini bima ya gari la binafsi kwa kawaida haigharamii ajali inayotokea gari likiwa limekodishwa kwa malipo. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi na itoe kibali kwa maandishi kabla bibi harusi wa kwanza hajapanda.