Dada unayehama kimyakimya binti akiwa chuoni Maseno, hebu weka hizo katoni chini

Dada, hapana. Ngoja kwanza.

Niliingia hapa jukwaani kutafuta fundi wa kochi, nikakuta swali lako, na nilipofika pale unaposema "binti hatumwambii mpaka afunge chuo Desemba, iwe sapraizi, na asije akavurugika na mitihani", chai ikanipalia. Si mafumbo, imenipalia kweli, hadi mzee wangu akaja kunigonga mgongoni.

Umeuliza mambo manne: uchukue pikapu au lori la Canter kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, hadi Ruiru, dipoziti utaipataje, mdogo wake aliye gredi ya nane umhamishe shule sasa au Januari, na kama kuna haja ya kulipia chumba cha binti ilhali yeye sasa ni mtu wa Maseno. Hilo la mwisho umelitupia mkiani, kamstari kamoja, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya huku anaondoka. Na hilo ndilo litakalokuponza.

Mimi 2023 nilifanya hicho hicho, na nilikuwa natoka Umoja hiyo hiyo, mwezi wa Novemba vilevile. Ningekuwa na wakili ningekushtaki kwa kuniibia ujinga wangu.

Kijana wetu wa kwanza alifanya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, 2022, mwaka uliofuata akaitwa Chuo Kikuu cha Moi, kampasi kuu ile ya Kesses. Septemba tukampeleka na ndoo, blanketi mbili na sufuria ambayo mpaka leo sijui iliko. Huku nyuma tukabaki watatu, mimi na mzee na kitinda mimba, kwenye nyumba ya vyumba viwili vya kulala ya shilingi 20,000. Huo ndio mwaka ule mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza, wanafunzi wakapangwa madaraja kulingana na uwezo wa familia zao, na wetu akawekwa daraja la watu ambao sisi tungefurahi sana kukutana nao. Pesa zikabana. Kwa hivyo wazo la kuhama lilikuwa na akili, silikatai hata leo. Kuhama si kosa.

Kosa lilianza na ajenti. Huyu kijana alinitoza 1,000 ya kunionyesha nyumba, akaja na viatu vya ncha kwenye tope, na nilipomwambia nina mtoto chuoni akacheka kwa huruma, kama daktari. "Mama, mtoto akienda chuo ameenda. Atakuwa anakuja Krismasi kula tu. Sasa unalipia chumba mtu anayekuja kula?" Na mimi mwanamke mzima, niliyezaa nikanyonyesha, nikaona huyu anasema jambo! Miezi mingi baadaye nikaja kusikia kwamba yeye mwenyewe bado analala kwa mamake huko Kayole. Huyo ndiye alikuwa mshauri wangu wa mambo ya watoto kuondoka nyumbani.

Wa pili alikuwa mwenzangu wa chama cha kuchangiana pesa. Yeye ndiye aliyeleta hiyo yako ya mitihani. "Usimwambie, ataanza kuwaza, atafeli." Wake walikuwa bado wa nasari, lakini alivyolisema! Kuna watu wamejaliwa sauti ya kuamini tu.

Basi tukahama katikati ya zile mvua za El Niño kama watu waliotimuliwa. Mtaa wa Utawala, chumba kimoja cha kulala, 13,000, "hatua chache tu kutoka barabara ya Bypass". Hizo hatua chache siku hiyo zilikuwa tope la magotini. Gari likakwama, vijana wakabeba kabati begani kama jeneza, godoro likaingia nyumbani na uzito wa ng'ombe. Hayo yote yalikauka, sina kinyongo nayo.

Sasa kuhusu katoni.

Ilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia, chini ya deka, kile kitanda cha ghorofa, waliyokuwa wakilala kijana na mdogo wake. Ameizungushia selotepu mara mbili, na juu ameandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Nikaigusa. Nikachana kona moja tu, nikachungulia. Nyaya. Matumbo ya simu mbovu. Spika iliyochanika. Madaftari ya kidato cha tatu. Na redio ya marehemu babangu, ile ndogo ya betri mbili, mfuniko wa betri ulipotea miaka hiyo, betri zinashikiliwa na mpira wa kufungia noti. Haikuwa inalia. Kijana alikuwa akiifungua na kuifunga kila likizo tangu darasa la sita, na kila likizo hailii. Mimi nikaona takataka inayotaka kupanda gari ninalolipia.

Jamaa wa vyuma kuukuu alikuwa anapita na mkokoteni. Nikamwita mwenyewe, kwa mdomo huu. Akapima, akanipa shilingi 180. Deka ikaenda kwa jirani kwa 2,500. Ile 180 nikanunua mkate na maziwa, na jioni ile Utawala tukanywa chai tumeketi sakafuni, nikasema kwa sauti ya mshindi, "Afadhali tumepunguza mzigo." Naomba usinukuu hayo popote.

Mpango ulikuwa kama wako tu. Akipiga simu yuko njiani Desemba, nimwambie apande gari la Utawala, nimpokee stejini, sapraizi. Kumbe na yeye ana sapraizi yake. Alimaliza mitihani mapema, akapanda gari Eldoret siku tatu kabla, simu ikaisha chaji njiani. Akashuka mjini usiku, akapanda matatu ya Umoja kama alivyopanda maisha yake yote, akafika kwenye geti. Soja alikuwa mgeni. Akamwambia, "Hao walihama." Kijana akaangalia juu kwenye dirisha letu, akaona pazia la watu wengine. Hii alinisimulia mdogo wake, si yeye. Yeye mpaka leo hajanisimulia.

Alilala kwa rafiki, upande wa Mutindwa. Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia, namba ngeni.

"Mama, mnaishi wapi siku hizi?"

Mnaishi. Sikiliza hiyo herufi, dada. Hakusema tunaishi.

Nilimkuta stejini amesimama na begi moja. Tukafika nyumbani, akasimama mlangoni, akauliza, "Viatu niweke wapi?" Nikacheka, nikamwambia weka popote, hapa ni kwako. Akaviweka nje. Wiki tatu alilala kwenye kochi, na kila asubuhi kabla sijaamka alikuwa ameshakunja blanketi, amelipanga pembeni kama mtu wa gesti. Chai anauliza kama anaweza kuongeza. Kikombe anakiosha, kisha anauliza kinakaa kabati gani. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu alijitafutia jembe mwenyewe siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipojua nina mgeni.

Siku ya pili akauliza katoni iko wapi. Nikajibu, "Iko." Iko! Mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Siku ya tatu nikasema ukweli. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika, ningemkaripia kidogo, tungemalizana. Alitoka akakaa kwenye ngazi. Aliporudi aliuliza jambo moja tu.

"Bahasha ulitoa?"

"Bahasha gani?"

Chini kabisa ya hizo nyaya kulikuwa na bahasha ya kaki yenye cheti chake cha KCSE na cheti cha kuzaliwa. Chuoni alikwenda na nakala, maana alisikia hosteli zina wezi. Za asili akaziacha mahali ambapo hakuna mwizi angefika. Kwa mamake.

Ninyi chekeni tu, mimi nimeshazoea. Nilienda hadi Kariobangi kwenye yadi za skrepu, naingia moja natoka nyingine, natafuta bahasha na redio. Mzee mmoja aliacha kupiga nyundo akaniuliza, "Kwani mama, ilikuwa ya dhahabu?" Kisha ukaanza mzunguko wa karatasi: polisi kwa abstrakti, ile hati ya kupotelewa, shule aliyosoma, baraza la mitihani na ada yake, watu wa vyeti vya kuzaliwa na foleni yao. Nikijumlisha nauli, ada na siku nilizofunga kibanda changu cha biashara, ile 7,000 niliyokuwa naokoa kila mwezi ilikuwa imeshaliwa miezi mbele. Na karatasi angalau zilirudi.

Likizo iliyofuata hakuja. Alisema amepata kibarua Eldoret, na labda ilikuwa kweli. Ile nyingine akaja siku nne, begi hakulifungua lote. Alikuwa anatoa shati moja, anafunga zipu.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja, na nikikukuta Ruiru nitakuimbia hiyo hiyo: aliye na kitanda katika nyumba afunge vitu vyake kwa mikono yake kabla nyumba haijahama. Si wewe, si mdogo wake, si vijana wa gari. Najua Maseno ni mbali, nauli si mchezo, na ni usiku mzima barabarani. Basi sogeza tarehe, au mlete Ijumaa arudi Jumapili. Ikishindikana kabisa, mpigie simu ya video, shika kila kitu mbele ya kamera, aseme mwenyewe hiki kaa nacho, hiki toa. Na kilichofungwa kwa selotepu kiende kimefungwa vile vile hata kama unahisi kina mawe. Lipia mawe.

Kuhusu chumba, sisemi ulipe kodi usiyoiweza ili godoro lipate pa kulala. Kama ni nyumba ndogo, iwe ndogo. Lakini binti ajue kabla hajafika atalala wapi, na pawe pake, hata kama ni kona yenye msumari wa kutundikia begi. Sisi hatukuwa na msumari. Tulikuwa na kochi, na kochi ni la wageni, hata mtoto wa miaka kumi na tisa anajua hivyo.

Mwaka jana tulihama tena, Utawala humo humo, tukarudi vyumba viwili. Safari hii nilimpigia wiki tatu mapema. Akaja Jumamosi, akashinda siku nzima kwenye katoni mbili. Siku nzima, dada! Anatoa kitu, anakiangalia, anakirudisha. Na unajua nini? Alitupa vitu vingi kuliko nilivyouza mimi. Madaftari yote, nguo, hadi kile kikombe cha mashindano ya shule nilichokuwa nakifuta vumbi. Mimi ndiye niliyekirudisha ndani kwa siri. Katoni iliyobaki akaizungushia selotepu mara mbili, akaandika tena USIGUSE. Iko chini ya kitanda chake. Sijaigusa, hata nikifagia naizunguka.

Dipoziti: mimi walinikata ya rangi, ukuta niliokuta umechafuka tayari, kwa sababu sikuwa na picha. Kwa hiyo Ruiru piga picha kuta zote siku unayoingia, kabla hujatundika kalenda. Ya Umoja, peleka notisi kwa maandishi na usikubali "tutaongea" ya mtunza nyumba, hata kama ni mtu mzuri. Na huyo ajenti wako wa sasa, kabla hujamsikiliza lolote kuhusu watoto, muulize kwanza yeye analala kwa nani.

Binti mpigie leo jioni. Piga, usitume ujumbe, maana ujumbe utauremba. Mwambie mnahama, mwambie nyumba ni ndogo, na akikaa kimya usikimbilie kuujaza ule ukimya na habari za tanki la maji na ukaribu wa steji. Mwache anyamaze. Halafu muulize chini ya kitanda chake kuna nini.

Ah, na gari. Canter, yenye turubai. Pikapu itakurudisha mara tatu.